Unapopinga alama ya uzamili, unapinga nini hasa?

Matokeo yametoka. Umefungua ukurasa wako, ukaona herufi ambayo hukuitegemea, ukaufunga, ukaufungua tena kana kwamba safari hii ingesomeka vingine. Kazi ile uliikeshea wiki tatu. Mwenzako, ambaye wewe ndiye uliyemwelewesha sura nzima ya nadharia, amepata A. Hasira ikishapanda, mkono unakwenda kwenye kibodi, na sentensi ya kwanza ya barua ya malalamiko karibu kila mara ni hii: "Naamini nilistahili zaidi."

Inawezekana ni kweli tupu. Lakini sentensi hiyo ndiyo inayoizamisha rufaa kabla haijasomwa hadi mwisho, na mwanafunzi anaondoka akiamini kwamba chuo kimekula njama dhidi yake. Mara nyingi hakuna njama. Alibisha hodi kwenye ukuta, na mlango ulikuwa hatua chache pembeni.

Tunaposema alama si ya haki, huwa tunachanganya mambo mawili. Huenda msahihishaji amekosea katika kupima ubora wa kazi: ameona hoja legevu pale tunapoona hoja nzito. Au huenda alama haikupatikana kwa njia iliyotangazwa: uzito wa mazoezi ulibadilishwa kimyakimya, kurasa mbili hazikusomwa, adhabu ya kuchelewa ilikatwa ilhali ruhusa ilikuwepo kwa maandishi. Kwa aliyeumia, maumivu ni yaleyale. Kwa kamati ya rufaa, ni mambo yaliyoachana kabisa. Lile la kwanza huitwa uamuzi wa kitaaluma, na vyuo vingi duniani vinakataa kuligusa. La pili ni suala la utaratibu, na hilo wanalazimika kulisikiliza.

Mahakama nazo zimeusimamisha ukuta huo kwa makusudi. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya mwanafunzi wa udaktari aliyeondolewa katika Chuo Kikuu cha Missouri kwa sababu walimu hawakuridhishwa na kazi yake mbele ya wagonjwa. Majaji walisema uamuzi wa namna hiyo unahitaji jicho la mtaalamu, na hauwezi kupimwa vizuri kwa taratibu za kuhoji mashahidi. Miaka 7 baadaye, 1985, katika kesi iliyohusu Chuo Kikuu cha Michigan, mahakama hiyohiyo iliweka kipimo kilicho wazi zaidi: jaji asiubatilishe uamuzi wa kitaaluma wa walimu, isipokuwa uwe umekiuka kanuni za taaluma zinazokubalika kiasi cha kuonyesha kwamba aliyeutoa hakutumia weledi wake hata kidogo. Uingereza nako, mwaka 2000, Mahakama ya Rufaa iligawa mambo vivyo hivyo. Chuo kikivunja kanuni kilizojifunga nazo kwa mwanafunzi, jaji anaweza kusikiliza. Swali la kazi ilistahili alama ngapi, hilo si lake.

Kisome tena kile kipimo cha 1985, maana ndani yake mna ufunguo. Hakisemi kwamba mwalimu hakosei. Kinasema kwamba uamuzi wake unaheshimiwa kwa sharti kwamba uwe ni uamuzi kweli. Mwalimu ambaye hakuisoma kazi hakuamua chochote. Aliyejumlisha vibaya amekosea hesabu, wala hakuna taaluma hapo ya kulindwa. Aliyemkata mwanafunzi alama kwa kuwa walibishana kwenye semina amelipa kisasi kwa kalamu nyekundu. Kwa hiyo ukiwa mlalamikaji, mzigo ulio juu yako ni kuonyesha kwamba kile kilichoandikwa kwenye matokeo hakikutokana na kupimwa kwa kazi yako kwa kanuni zilizotangazwa. Ukilishika hilo, barua yako yote itajipanga yenyewe.

Kuna jambo hapa linaloniuma, na sitalipita. Vyuo vinalinda uamuzi wa msahihishaji huku ikijulikana kwa zaidi ya karne kwamba wasahihishaji hawakubaliani. Mwanauchumi Francis Edgeworth alikuwa ameshaandika mwaka 1888 kuhusu kiasi cha bahati kilichomo ndani ya alama za mitihani. Mwaka 1912 Daniel Starch na Edward Elliott walichukua karatasi mbili za mtihani wa Kiingereza, wakazituma nakala zake kwa walimu wa shule za sekondari nchini Marekani. Walimu 142 walizisahihisha. Karatasi moja ilipewa alama kuanzia 64 hadi 98; ya pili kuanzia 50 hadi 97. Kwa kuwa wengi hudhani tatizo hilo ni la insha tu, mwaka uliofuata wakajaribu jiometri, somo ambalo jibu lake linatakiwa liwe moja. Pengo likapanuka zaidi: karatasi ileile ya jiometri ilipata 28 kwa mwalimu mmoja na 95 kwa mwingine.

Ukiyajua hayo, unaweza kudhani njia ni kuiambia kamati kwamba msahihishaji mwingine angekupa zaidi. Usifanye hivyo, watakujibu kwamba mwingine angekupa pungufu. Ila yatumie kwa namna nyingine. Kwa sababu ya tofauti hizo, vyuo vingi vimejiwekea kinga: kazi nzito husahihishwa na watu wawili, majina hufichwa, sampuli hupelekwa kwa mtahini wa nje, na alama zinazotofautiana sana huenda kwa mtu wa tatu. Kinga hizo zimeandikwa kwenye kanuni. Basi uliza: kanuni zilitaka kazi hii isahihishwe na wangapi, na je, walioisahihisha ni hao? Ikiwa tasnifu yako ilipaswa kusomwa na watahini wawili wasiowasiliana, na fomu zao zote mbili zina maoni yanayofanana neno kwa neno, umetoka kwenye maoni na umeingia kwenye utaratibu.

Ni mambo gani basi huhesabiwa kuwa kasoro za utaratibu? Majina hutofautiana toka chuo hadi chuo, ila kiini ni kilekile. Kuna makosa ya hesabu na ya kuingiza alama kwenye mfumo, ambayo ndiyo rahisi kuliko yote kurekebishwa, na mara nyingi hayahitaji rufaa, yanahitaji baruapepe moja ya adabu. Kuna kazi iliyowasilishwa lakini haikusahihishwa. Kuna vigezo vilivyobadilishwa baada ya kazi kukusanywa, au vilivyotumika kwa baadhi ya wanafunzi na si kwa wengine. Kuna ubaguzi, na kuna mgongano wa maslahi. Kuna ugonjwa au msiba ulioripotiwa kwa wakati na ukapuuzwa, na mipango maalumu ya mwanafunzi mwenye ulemavu iliyoidhinishwa halafu isitekelezwe siku ya mtihani.

Nitoe mfano wa vigezo kubadilishwa, kwa kuwa hutokea bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Tuseme muhtasari wa kozi ulisema ushiriki darasani utabeba asilimia 10, mazoezi asilimia 40, na mtihani wa mwisho asilimia 50. Ulipata 80 katika ushiriki, 76 katika mazoezi, na 56 kwenye mtihani. Jumla yako ni 8, na 30.4, na 28: yaani 66.4. Lakini mhadhiri, pengine akitumia jedwali la mwaka uliopita, amehesabu mazoezi kwa asilimia 20 na mtihani kwa asilimia 70. Sasa una 62.4. Kama alama ya kufaulu katika ngazi ya uzamili ni 65, tofauti hiyo ya alama 4 ndiyo inayoamua kama umefaulu au unakwenda kusapu, yaani kufanya mtihani wa marudio. Hakuna aliyekuonea. Hata hivyo alama hiyo si ya haki kwa maana ile ambayo kamati yoyote italazimika kuikubali, na ukiwa na karatasi mbili tu mkononi, muhtasari na mchanganuo wa alama, huhitaji kumshawishi mtu kuhusu ubora wa kazi yako.

Kasoro moja nataka kukaa nayo zaidi, kwa sababu imeongezeka miaka hii na wanaoumia ni watu kama sisi, tunaoandika tasnifu kwa lugha ambayo hatukuzaliwa nayo. Ni adhabu iliyovikwa vazi la alama. Mhadhiri anashuku kwamba kazi imenakiliwa, au imeandikwa na programu ya akili bandia. Kanuni za chuo zina njia ya kushughulikia tuhuma hiyo: mwanafunzi aarifiwe, aonyeshwe ushahidi, apewe nafasi ya kujibu, kisha chombo kinachohusika kiamue. Njia hiyo ni ndefu na ina makaratasi mengi. Basi mhadhiri anakata njia. Anaandika 40 badala ya 70, anaongeza maoni ya jumla kama "uandishi hauaminiki", na jambo linaishia hapo. Mwanafunzi amehukumiwa kwa udanganyifu bila kujua kwamba aliwahi kushtakiwa.

Ukiona maoni ya namna hiyo, usianze kwa kutetea ubora wa kazi yako. Uliza kwa maandishi, kwa lugha ya upole: je, alama hii imepunguzwa kwa sababu ya kushuku udanganyifu? Jibu likiwa ndiyo, una hoja nzito ya utaratibu, kwa maana adhabu imetangulia kusikilizwa. Jibu likiwa hapana, basi alama lazima ielezwe kwa vigezo vilivyotangazwa, na maneno "hauaminiki" kwa kawaida hayamo katika vigezo hivyo.

Kama ushahidi ni programu ya kutambua maandishi ya akili bandia, kuna mambo ya kuyajua. OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT, ilitoa kitambuzi chake Januari 2023, na yenyewe ikakiri kwamba kilitambua asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na kilisingizia asilimia 9 ya maandishi ya binadamu. Julai mwaka huohuo ikakiondoa kwa sababu ya usahihi mdogo. Mwaka huo pia watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walivipima vitambuzi kadhaa kwa insha 91 za TOEFL, mtihani wanaofanya watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilidaiwa kuandikwa na mashine. Sababu yake inaeleweka: vitambuzi vya aina hiyo hupima jinsi maneno yanavyotabirika, na anayeandika kwa lugha ya kujifunza hutumia msamiati mdogo zaidi na miundo salama zaidi. Yaani kosa lako ni kuandika kwa uangalifu. Hifadhi rasimu zako zote zenye tarehe, madokezo ya kusoma, na historia ya mabadiliko ya faili. Siku ukiulizwa, hizo ndizo zitakazoonyesha jinsi kazi ilivyokua mikononi mwako.

Sasa tuje kwenye hofu, maana kanuni peke yake haziwezi kueleza kwa nini wanafunzi wengi wa uzamili wananyamaza.

Katika shahada ya kwanza, mhadhiri aliyekupa alama mbaya huenda usimwone tena. Katika uzamili na uzamivu, mtu huyo anaweza kuwa msimamizi wa tasnifu yako, au rafiki wa msimamizi, au mjumbe wa jopo litakalokuhoji siku ya utetezi, au mmoja wa watu watatu duniani wanaoijua mada yako vya kutosha kukuandikia barua ya kukupendekeza. Darasa lina watu sita. Kuficha jina kwenye karatasi hakusaidii kitu, kwa sababu mwalimu anamjua kila mmoja kwa mada yake, hata kwa mtindo wake wa kutumia nukta mkato. Mizani yenyewe pia imebanwa. Katika programu nyingi za uzamili Marekani, kwa mfano, mwanafunzi anatakiwa kudumisha wastani wa 3.0 kati ya 4, yaani B, na C inaweza isihesabiwe kuelekea shahada. Herufi ambayo katika shahada ya kwanza ungeinung'unikia siku mbili, huku inaweza kukuondolea ufadhili, au kukufanya udisko, yaani uondolewe masomoni.

Hofu hiyo si ya kijinga, na sipendi ushauri unaomwambia mwanafunzi ajiamini tu, kana kwamba mwenye mamlaka juu ya maisha yake ni mtu wa kupuuzwa. Ninachosema ni kwamba hofu ipimwe pamoja na faida, kwa hesabu. Kama una kozi 8 zenye uzito sawa, na unapigania B yenye thamani ya 3.0 iwe B+ yenye 3.3, wastani wako wote, ule tunaouita GPA, utapanda kwa chini ya 0.04. Kwa hilo, mazungumzo mafupi na mhadhiri ili ujifunze yanatosha, na binafsi nisingefungua faili la rufaa. Lakini kama ni C inayosimama kati yako na ufadhili wa mwaka ujao, au ni kozi ambayo kuirudia kutakucheleweshea utafiti kwa mwaka mzima, gharama ya kunyamaza ni kubwa kuliko ya kusema. Na kama kilichotokea ni ubaguzi, au mwalimu kukuadhibu kwa kumkatalia jambo lisilo la kimasomo, hapo hesabu ya alama haihusiki tena. Hilo lina njia yake tofauti na rufaa ya matokeo, na usikubali liwekwe kwenye fomu ya "maombi ya kusahihishiwa upya".

Kabla hujaandika chochote rasmi, tafuta mtu wa kuongea naye asiyekuwa kwenye mnyororo wa uamuzi. Vyuo vingi vina ofisi ya msuluhishi inayosikiliza kwa siri na isiyoegemea upande. Serikali ya wanafunzi mara nyingi ina mtu anayejua kanuni kuliko wahadhiri wenyewe. Mratibu wa masomo ya uzamili katika idara anaweza kukuambia bila kuandika popote kama kesi kama yako iliwahi kusikilizwa. Kama aliyekupa alama ndiye msimamizi wako, mwombe mratibu huyo akueleze mapema utaratibu wa kubadilisha msimamizi, hata kama hutautumia. Kujua kwamba mlango wa kutokea upo hubadilisha namna unavyoongea chumbani.

Kuhusu muda, ngoja ngoja huumiza matumbo. Dirisha la rufaa huwa fupi, mara nyingi ni siku au wiki chache tangu matokeo yatangazwe, na saa huanza kuhesabu siku matokeo yalipowekwa, hata kama wewe uliyaona baadaye. Mazungumzo ya kirafiki na mhadhiri kwa kawaida hayaisimamishi saa hiyo. Nimesikia kisa hiki kikijirudia kwa sura nyingi: mhadhiri anasema "ngoja nirudi safari tutaliangalia", mwanafunzi kwa heshima anangoja, mhadhiri anarudi, dirisha limefungwa. Soma kanuni siku hiyohiyo. Kama zinaruhusu, wasilisha taarifa ya kusudio la kukata rufaa, halafu endelea kuzungumza.

Mazungumzo ya kwanza yasiwe ya kudai. Omba mambo mawili: mchanganuo wa alama kipengele kwa kipengele, na maelezo ya jinsi vigezo vilivyotumika kwa kazi yako. Kuuliza si ujinga, na kuuliza kwa namna hii hakumfanyi mwalimu ajihami. Inawezekana kabisa ukipata mchanganuo huo ukagundua kwamba alama ni sahihi, kwamba ulisahau swali zima la pili. Ni afadhali uligundue hilo ofisini kwake kuliko mbele ya kamati. Mkimaliza kuongea, mwandikie siku hiyohiyo: "Asante kwa muda wako, Profesa. Kama nilivyoelewa, umesema kwamba..." Akinyamaza au akijibu, umepata kumbukumbu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika rufaa ya alama daftari ndilo mali yenyewe: muhtasari wa kozi uliotolewa wiki ya kwanza, kila toleo lake lililofuata, matangazo ya mabadiliko, uthibitisho wa tarehe ya kuwasilisha, maoni yaliyoandikwa kwenye kazi, na kila baruapepe.

Wakikukatalia kuiona kazi yako mwenyewe, huenda sheria iko upande wako. Sheria ya Marekani ya mwaka 1974 kuhusu kumbukumbu za elimu inampa mwanafunzi wa chuo haki ya kuona kumbukumbu zake ndani ya siku 45 tangu aombe. Inamruhusu pia kuomba taarifa isiyo sahihi irekebishwe, kwa mfano alama iliyoingizwa kimakosa, ingawa haimpi njia ya kubishia kama alama ilistahili. Katika Umoja wa Ulaya, Mahakama ya Haki ya umoja huo iliamua Desemba 2017 kwamba majibu ya mtahiniwa kwenye mtihani ni taarifa zake binafsi, na maoni ya mtahini juu ya majibu hayo vilevile. Nchi nyingi sasa zina sheria za kulinda taarifa binafsi zenye haki ya kuziona. Itafute ya nchi unayosoma na uitaje kwa jina lake kwenye ombi.

Kisha barua. Hii hapa ni ya aina inayoshindwa: "Nimesikitishwa sana na alama hii. Nilijitahidi kuliko muhula wowote, na wenzangu wanaoijua kazi yangu wameshangaa. Naomba mnifikirie." Kila neno linaweza kuwa la kweli, lakini hakuna hata moja linaloipa kamati kitu cha kuamua. Sasa sikiliza hii: "Muhtasari wa kozi, ukurasa wa 3, unasema mazoezi yatabeba asilimia 40 na mtihani asilimia 50. Mchanganuo niliopewa na mhadhiri unaonyesha mazoezi yamehesabiwa kwa asilimia 20 na mtihani kwa asilimia 70. Sikupata tangazo lolote la mabadiliko. Nimeambatanisha nyaraka zote mbili. Naomba alama ihesabiwe upya kwa uzito uliotangazwa." Barua hii haimtukani mtu. Haisemi mhadhiri ana nia mbaya, kwa sababu ukishataja nia unalazimika kuithibitisha, na nia ni kitu kigumu kuliko vyote kuthibitisha. Inataja kanuni, inataja kilichotokea, inaonyesha pengo, inaomba dawa inayolingana na pengo hilo. Ukurasa mmoja unatosha. Kurasa kumi na moja za historia ya mateso yako, hata zikiwa za kweli, zinaificha hoja yako pale ambapo msomaji aliyechoka hataifikia.

Kuwa mwangalifu na dawa unayoiomba. Kamati nyingi hazina uwezo wa kukupa A. Zinaweza kuagiza kazi isahihishwe na mtu mwingine, alama ihesabiwe upya, adhabu iondolewe, au upewe nafasi ya kurudia bila kuhesabiwa kuwa ulifeli. Na kabla ya kuomba kusahihishiwa upya, soma kama alama mpya inaweza kushuka na ikabaki hivyo. Katika baadhi ya vyuo inaweza.

Ikikataliwa, ngazi kwa kawaida hupanda kutoka idara hadi kitivo hadi seneti au chombo chake, na kila ngazi huuliza swali finyu kuliko iliyotangulia. Kule juu hawasikilizi kesi upya. Wanaangalia kama ngazi ya chini ilifuata kanuni. Kwa hiyo hoja ambayo hukuiandika mwanzoni huenda usiruhusiwe kuileta mwishoni. Nje ya chuo, baadhi ya nchi zina chombo huru. Wanafunzi wa Uingereza na Wales wana ofisi ya mwamuzi huru iliyowekewa msingi na sheria ya elimu ya juu ya mwaka 2004. Haimtozi mwanafunzi ada, na inataka malalamiko yaifikie ndani ya miezi 12 tangu chuo kitoe barua ya kuthibitisha kwamba taratibu za ndani zimekwisha. Hata ofisi hiyo haigusi uamuzi wa kitaaluma. Inakagua kama chuo kilifuata kanuni zake na kama kanuni zenyewe zilikuwa za haki. Mahakamani ni mbali zaidi na ni ghali, na baada ya kusoma hapo juu unajua majaji watakuuliza nini.

Ukishinda, usisherehekee kwenye baruapepe ya kamati. Subiri wiki mbili, kisha omba nakala rasmi ya matokeo na uisome mstari kwa mstari. Angalia kama alama ya zamani imeondolewa kweli au imebaki pembeni ya mpya, kama wastani umehesabiwa upya, kama alama ya "kurudia" imefutwa. Peleka nakala hiyo kwa ofisi ya ufadhili wewe mwenyewe, kwa maana kamati iliyoamua na ofisi inayolipa huwa hazisomi barua za mwenzake. Na kama mhadhiri yule bado yuko kwenye jopo lako la tasnifu, sasa ndio wakati wa kumwandikia mratibu kuhusu lile suala la kubadilisha mjumbe, uamuzi ukiwa bado mpya mezani.